Upanga wa Nishati: Kuuwasha Si Kazi, Kazi Ni Kuuzima

Mimi ni fundi umeme wa mashine za kukatia chuma kwa plazima. Ndiyo maana nikitazama filamu za vita vya anga za mbali kama Star Wars, macho yangu hayafuati pambano, yanafuata kidole gumba cha mwenye upanga. Anabonyeza, ubapa unachomoka. Anabonyeza tena, unarudi mpinini. Mashabiki hukesha wakibishania chanzo cha nishati: ni betri gani hiyo, na inachajiwa wapi? Mimi betri nawapa bure, tena kubwa wapendavyo. Wakishaipata, bado swichi itawatoa jasho, hasa upande wa kuzima.

Tuuondoe mwanga njiani kwanza: ubapa huo hauwezi kuwa leza. Tangu Theodore Maiman awashe leza ya kwanza mwaka 1960, hakuna aliyewahi kuona miale yake ikisimama yenyewe baada ya mita moja. Mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde na hauachi mpaka ukutane na kitu. Leza mbili nazo hupishana bila kugusana, kwa hiyo hakuna kukinga pigo. Mwaka 2013 watafiti wa Harvard na MIT waliweza kuzifanya chembe za mwanga ziathiriane, lakini ilibidi wazipitishe kwenye wingu la atomu za metali ya rubidi zilizopozwa hadi karibu na kiwango cha mwisho kabisa cha baridi. Huko si kwenye uwanja wa mapigano.

Inabaki plazima, yaani gesi iliyopashwa moto hadi elektroni zikabanduka kutoka kwenye atomu zake, na sasa inapitisha umeme. Hapo ndipo nyumbani kwangu.

Hewa ya kawaida haipitishi umeme. Kuilazimisha kunataka kama volti 3,000 kwa kila milimita, hivyo ubapa wa mita moja utadai volti milioni 3, na kule kwenye ncha hakuna hata kitu cha kuupokea umeme huo. Kwa sababu hiyo karakana haianzi na mwanya mkubwa. Ndani ya tochi ya kukatia mna elektrodi ya shaba yenye punje ya metali ya hafni kwenye ncha yake, na mbele yake nozeli, shaba pia. Katika tochi nyingi za siku hizi springi huisukuma elektrodi hadi iguse nozeli. Ukivuta kifyatulio, umeme hupita pale zinapogusana. Papo hapo hewa ya kompresa huirudisha elektrodi nyuma, mwanya mdogo hufunguka, na cheche hubaki inawaka katikati, ikipulizwa nje kupitia tundu la nozeli. Unasikia “tk”, halafu mfoko wa hewa, na ulimi wa samawati unatokeza sentimita chache.

Ulimi huo bado haukati kitu cha maana. Nguvu yote huja pale cheche inaporukia chuma kinachokatwa, na chuma hicho lazima kiwe kimefungwa klampu ya ethi ili umeme upate njia ya kurudi kwenye mashine. Upanga wa kwenye filamu hauna ethi. Labda adui aombwe kwa heshima ajifunge klampu kwanza.

Kwa hiyo upanga wa kweli ungelazimika kubeba njia ya kwenda na ya kurudi ndani ya ubapa wenyewe, na kuuotesha kutoka mpinini: cheche ndogo ndani, gesi inasukumwa nje, uga wa sumaku (eneo la nguvu ya sumaku linaloibana gesi hiyo) unarefuka nayo. Ule mchomoko wa nusu sekunde tunaouona kwenye filamu, ambao wengi huudhani ni madoido ya kupendeza macho, kwangu ni sehemu inayoaminika kuliko zote.

Sasa tuuzime.

Chukua ubapa wa urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 3. Ujazo wake ni lita 0.7 tu. Ukiujaza plazima ya nyuzi 10,000 kwa kanieneo ya kawaida ya hewa, gesi itakuwa imetanuka mno hata uzito wake unabaki kama sehemu ya mia moja ya gramu. Nishati iliyomo haizidi kilojouli moja hivi. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 kunataka kilojouli 335. Ajabu, sivyo? Upanga wa namna hii unatisha kwa sababu unalishwa nguvu muda wote, wenyewe haujaweka akiba yoyote. Kata umeme, unatoweka kabla hujapepesa jicho. Haurudi mpinini, unapotea tu pale ulipo.

Tatizo ni kwamba mapanga mawili ya aina hiyo yangepitana kama moshi. Ukitaka ubapa unaogonga na kukinga, lazima ubanwe na uga wa sumaku wenye nguvu, na hapo hesabu zinageuka. Uga wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), ambao ni pungufu ya ule wa mashine nyingi za MRI za kupigia picha za mwili hospitalini, hubana kwa kama mara 4 ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Ukizidisha uga mara 10, mbano huzidi mara 100. Kwa tesla 10 unapata kama mara 400. Nishati ya uga ndani ya zile lita 0.7, ukijumlisha na ya plazima iliyobanwa, inafika kilojouli 70 hivi, sawa na gramu 17 za baruti kali ya TNT. Hapo ni karibu na vidole vyako.

Nishati hiyo haifutiki kwa kubonyeza kitufe. Fundi yeyote aliyewahi kukata umeme wa koili kubwa bila kuiwekea diodi ya kinga, kijidude cha kuupa umeme huo njia salama, anajua cheche inayoruka kwenye swichi: uga unapoporomoka hutafuta pa kwenda, na hauchagui. Wenye mashine kubwa hulijengea jambo hili majengo mazima. Huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, kila mkondo mmoja wa protoni (chembe za ndani ya atomu) wa LHC, mashine yao ya kugonganisha chembe, umekusudiwa kubeba megajouli 362. Ili kuuzima, huelekezwa kwenye gogo la grafiti (aina ya kaboni) lenye urefu unaokaribia mita 8, kwa muda usiofika sehemu ya elfu kumi ya sekunde. Tarehe 19 Septemba 2008 kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku zao kilishindwa, cheche ikatoboa chombo cha heli, tani kadhaa za heli zikamwagika, na mashine ikakaa zaidi ya mwaka bila kazi.

Upanga hauna nafasi ya gogo la grafiti. Njia iliyobaki ni kuirudisha nishati mpinini: uga unafupishwa kutoka kwenye ncha, na kinachovunwa kinaingia tena kwenye betri. Nusu sekunde kwa kilojouli 70 ni kilowati 140, sawa na injini ya gari zuri. Tuseme mfumo ni bora sana na hupoteza asilimia 5 tu kama joto. Mpini wa alumini wa nusu kilo utapanda karibu nyuzi 8 kila unapozima. Wale wanaowasha na kuzima kwa mbwembwe mbele ya adui wataanza kuhisi viganja vinaungua kabla pambano halijaanza.

Waliojaribu kwa mikono yao wamechukua njia nyepesi zaidi. Mwaka 2020 Hacksmith, kundi la wabunifu wa Kanada, walitengeneza upanga wa propani na oksijeni, mitungi ikiwa mgongoni, na kuuzima ni kufunga valvu. Ni ndimi za moto zilizonyooshwa vizuri, na nawavulia kofia kwa kazi hiyo, ila swali la kuzima wameliruka.

Kitufe chenyewe kina historia tamu. Mpini maarufu wa Star Wars ya 1977 ulikuwa kishikio cha flashi ya kamera ya Graflex, na kile kitufe chekundu kilikuwa cha kufyatulia flashi. Kwenye kamera kinatosha. Kwenye upanga nisingekiruhusu. Kifyatulio cha tochi yangu kina kizuizi cha kuinua kabla ya kuvuta, na ukikiachia, umeme unakatika wenyewe huku hewa ikiendelea kupuliza sekunde kadhaa ili kuipoza nozeli. Upanga nao ungefuata sheria hiyo: mkono ukilegea, ubapa unarudi. Halafu ungeendelea kufoka hewa kwa muda, chumba kikinuka ozoni, jambo baya kwa shujaa aliyeuzima ili ajifiche. Na wale wanaourusha upanga hewani ukiwa umewaka, ukazunguka na kurudi mkononi? Swichi yao kwangu haipiti ukaguzi.