Je, wajua kwa nini rangi iliyoharibika kwenye nywele haiondoki kwa kupaka nyingine juu yake?

Umepaka rangi nyumbani ukitaka kahawia, nywele zikatoka nyeusi tititi. Wengi hukimbilia pakiti nyingine ya rangi hafifu na kuipaka papo hapo. Tafadhali usifanye hivyo. Nywele nyingi hazikatiki kwa kosa la kwanza, hukatika kwa haraka ya kulirekebisha.

Rangi ya kudumu huchanganywa kutoka chupa mbili. Moja ina amonia au kemikali ya aina hiyo, inayouvimbisha unywele na kufunua magamba yake ya nje. Chembe za rangi, ambazo wakati huo ni ndogo mno na hata hazijakolea, hupenya hadi ndani. Humo hukutana na peroksaidi ya haidrojeni ya chupa ya pili, zikaungana, zikanenepa, zikakolea, na pale zilipoingilia hazipiti tena. Rangi mpya haina uwezo wa kuzivunja. Inaziongezea wenzake tu, na weusi unazidi.

Kuna viondoa rangi visivyo na blichi vinavyozivunja chembe hizo zikarudi kuwa ndogo. Baada ya kuvitumia, suuza kwa maji mengi kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu chembe zilizosalia huungana upya zikipata hewa, na weusi hurudi. Usishangae ukikuta nywele zina wekundu kuliko za asili: peroksaidi ilikwisha kupunguza melanini yako, yaani rangi ya asili ya nywele, na hiyo hairudishwi na dawa yoyote. Kama rangi ni ya siku mbili tatu, anza na shampuu ya kuondoa mba, huifubaza taratibu. Rangi ya muda hukaa juujuu, hiyo ioshe tu.

Waliotumia blichi wakapata rangi ya chungwa wana shida tofauti. Blichi ikila melanini, weusi hutangulia kuondoka, ukibaki wekundu, kisha uchungwa, kisha umanjano. Hapo usiongeze blichi tena. Bluu huzima uchungwa na zambarau huzima umanjano, basi tafuta shampuu au rangi ya muda yenye mojawapo.

Kabla ya hatua yoyote, lowesha unywele mmoja uuvute polepole. Wenye afya hunyumbuka kidogo na kurudi. Ukivutika bila kurudi, au ukikatika mara moja, weka blichi kando na utumie kondishona kwa wiki kadhaa. Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha zihurumie zaidi, kwani viungo vyake vya ndani vilishavunjwa mara moja. Na kama uliwahi kupaka hina ya dukani iliyochanganywa na chumvi za metali, jaribu kwanza kwenye nywele chache zilizokatwa: chumvi hizo zikikutana na peroksaidi huweza kupata moto na kuunguza nywele.