“Kilomita 15 tu? Hiyo ya watoto!” na dhana nyingine nilizozichoka njiani

Mgeni akishachagua baiskeli na kurekebisha kiti, swali linalofuata nalijua kabla hajafungua mdomo: “Ni kilomita ngapi?” Nikimwambia 60 anakunja uso. Nikimwambia 15 anacheka, anamgeukia mwenzake, kisha anauliza kama hatuna kitu kirefu zaidi. Kazi yangu ni kuongoza watu kwa baiskeli, mashambani na milimani, wazoefu na wanaoanza, na hakuna dhana inayoharibu safari nyingi kama hii ya kuipima njia kwa urefu wake. Yule aliyecheka ndiye ninayemkuta saa mbili baadaye amekaa juu ya jiwe, baiskeli imelala kando, chupa ya maji imekauka.

Tuanze na njia mbili zinazojulikana. Huko New Zealand kuna Otago Central Rail Trail, kilomita 152 kutoka Clyde hadi Middlemarch. Zamani ilikuwa reli. Mataruma na vyuma viling'olewa, ikamwagwa changarawe, na mwaka 2000 ikafunguliwa yote kwa baiskeli na waenda kwa miguu. Garimoshi haliwezi mlima mkali, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Kwa hiyo waliojenga reli ile walizunguka vilima na kukata miamba ili mwinuko usizidi mita 2 kwa kila mita 100. Leo babu na mjukuu wake wanaipita, siku tatu, nne, wakipiga soga.

Nyingine ni Alpe d'Huez, Ufaransa. Ni kilomita 13.8 tu, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ile ya kwanza. Lakini ina kona kali 21, mwinuko wake kwa wastani ni kama asilimia 8, na unapanda zaidi ya mita 1,000 bila mahali pa maana pa kuvuta pumzi. Mashindano ya Tour de France yalipita hapo mara ya kwanza mwaka 1952, na tangu hapo wanaume wenye miguu kama magogo wameachwa nyuma kwenye kona hizo. Sasa niambie, ipi kati ya hizi mbili ni “ya watoto”?

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme wewe, baiskeli na maji yako mna uzito wa kilo 90. Kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa polepole, upepo na tairi kwa pamoja vinakurudisha nyuma kwa nguvu ya kama kilo moja. Ukiingia mwinuko wa asilimia 8, mlima peke yake unakuvuta nyuma kwa kilo 7, na hauachii hata sekunde moja. Kupunguza mwendo hakupunguzi hizo kilo 7. Kunakupa muda zaidi wa kuzibeba, basi. Ndiyo maana mtu anayeendesha kilomita 40 kila Jumapili kwenye tambarare anaweza kukata pumzi kwenye kilomita 3 za mlima, na wala hana ugonjwa wowote.

Kwa hiyo, kabla hujauliza kilomita, uliza mita za kupanda. Kisha gawanya: mita za kupanda kwa kilomita za njia. Kipimo changu, kwa njia inayozunguka na kurudi ulikoanzia, ni hiki. Chini ya 10, nampeleka mtu yeyote anayejua kuendesha. Kati ya 10 na 20, nataka awe amezoea baiskeli na gia zake. Zaidi ya 20, tukae chini tuzungumze kwanza. Njia ya kilomita 60 yenye mita 300 za kupanda inatoa 5, hiyo ni matembezi marefu. Ile ya kilomita 15 yenye mita 450 inatoa 30. Na kumbuka nusu ya njia ya kuzunguka ni kushuka, kwa hiyo hizo mita 450 unazipanda ndani ya kilomita kama 7 na nusu. Wastani wa asilimia 6, na wastani maana yake kuna mahali panapozidi hapo.

Hapo kwenye wastani ndipo watu wanaponaswa. Programu za simu hukadiria mwinuko kutokana na data za ramani, na kipande kifupi kikali kama ukuta, cha mita 30 tu za njia, mara nyingi hulainishwa mpaka hakionekani. Kwenye mchoro unaona kilima cha upole. Ukifika unakuta watu wameshuka wanasukuma. Mimi huutazama mchoro wa mwinuko, nikishaona pale mstari unaposimama wima, namtafuta mtu aliyepita hapo hivi karibuni.

Halafu kuna uso wa njia, ambao kilomita hazisemi lolote juu yake. Kilomita 5 za mchanga laini zinachosha kuliko 20 za lami. Udongo mfinyanzi ukilowa ni balaa jingine kabisa: unaambata kwenye tairi, unakusanya majani na vijiwe, unajaa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Unasimama, unachokoa kwa kijiti, unaenda mita 50, unachokoa tena. Njia ile ile wakati wa kiangazi ni ya saa moja na nusu. Baada ya mvua usiniulize ni ya saa ngapi.

Ukitaka maswali ya maana ya kumuuliza mwongozaji, ni haya: tunapanda mita ngapi, uso wa njia ukoje leo, na nikichoka natokea wapi. La tatu hakuna anayeuliza, na kwa kundi lenye watu wa uwezo tofauti ndilo muhimu kuliko yote. Njia nzuri kwa wote ni ile yenye mahali pa kukatisha kurudi, pale ambapo wenye nguvu wanaendelea na mlima na wengine wanarudi kwa barabara ya chini bila kuonewa huruma. Tena mimi hupanga mlima mkubwa uje mapema, na upepo tukutane nao wakati wa kwenda. Kurudi na upepo mgongoni kumewahi kuokoa safari nyingi zilizoanza vibaya.

Nimekaribia kumaliza la kilomita.

“Kupanda ni kazi, kushuka ni kupumzika.”

Hii ni ndugu wa damu wa ile ya kwanza. Mtu anatafuta njia ya kushuka tu akidhani amepata ya bure. Barabara ya Yungas huko Bolivia, ile iliyobandikwa jina la Barabara ya Kifo, watalii huishuka kwa baiskeli kuanzia mwinuko wa zaidi ya mita 4,600 hadi kwenye joto la bondeni, zaidi ya mita 3,000 chini, na karibu njia yote ni mteremko. Mapafu hayana kazi kubwa pale. Lakini sehemu kubwa ni changarawe, ukingo mmoja ni genge tupu, na waendesha baiskeli wamekufa hapo.

Kwenye mteremko mrefu mgeni halalamiki miguu, analalamika vidole. Amekamata breki kwa vidole vinne tangu juu, mikono imenyooka kama mti, makalio yamebandikwa kitini. Akifika katikati hawezi hata kufungua mfuniko wa chupa. Na kubana breki kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakozichoma: diski inabadilika rangi inaelekea bluu, unasikia harufu ya kuungua, na kwa breki za mafuta mkono wa breki unaweza kuwa laini ghafla, ukabana ukakuta hakuna kitu.

Kidole kimoja kwenye kila breki, vingine vishike usukani. Pedeli zilale sawa, moja mbele moja nyuma, simama juu yake, kunja viwiko na magoti. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, kisha achia, breki zipoe. Tazama unakotaka kwenda. Ukilikodolea jiwe, utaligonga, sijui niseme mara ngapi.

“Usiguse breki ya mbele, itakurusha.”

Nani aliyewafundisha watu hivi? Baiskeli inapopunguza mwendo, uzito unahamia mbele, tairi la mbele linagandamizwa chini na la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayosimamisha. Anayetumia ya nyuma peke yake anahitaji karibu mara mbili ya umbali kusimama, na njiani gurudumu linajifunga na kuanza kuserereka. Kinachomrusha mtu ni kuibana kwa ghafla huku mwili umeegemea mbele. Sogeza makalio nyuma, shusha visigino, bana taratibu ukiongeza. Kafanyie mazoezi kwenye majani, dakika kumi zinatosha.

Na kabla ya kupanda baiskeli ya kukodi, jaribu kwanza ipi ni ipi. Uingereza breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kulia, Marekani iko wa kushoto. Kugundua jambo hili kwenye mteremko si raha.

“Njia ya bluu ni bluu popote.”

Siyo. Uingereza njia za baiskeli za milimani hupangwa kwa rangi, kutoka rahisi hadi ngumu: kijani, bluu, nyekundu, nyeusi. Marekani, kwa alama zinazofuatwa na wengi, kuna duara la kijani, mraba wa bluu, kisha almasi nyeusi. Nyekundu haipo, kwa hiyo hatua kutoka bluu kwenda nyeusi ni kubwa zaidi kuliko mgeni anavyotarajia. Milima ya Alpi wapo wanaotumia ngazi za S0 hadi S5. Kila mara soma maelezo chini ya rangi. Rangi hukueleza zaidi kuhusu mawe, mizizi na upana wa njia; haikuahidi kwamba hutapanda.

“Jaza upepo mpaka tairi liwe jiwe, ndiyo itaenda kasi.”

Kwenye lami laini, una hoja kidogo. Kwenye mawe na mizizi, tairi gumu linarukaruka, na kila mruko ni nguvu yako inayopotea kukutikisa wewe badala ya kukusukuma mbele. Tena halishiki kona. Kwa tairi nene la mlimani, la inchi 2.2 hadi 2.4, watu wengi huendesha kati ya psi 20 na 30 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kutegemea uzito wao na kama kuna tyubu ndani. Ukiwa na tyubu usishushe mno, utapata pancha za kubanwa na rimu. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa kujaza, wala si ushauri.

“Baiskeli ya umeme ni ya wavivu.”

Anayesema hivi hajawahi kupeleka mume na mke wenye nguvu tofauti kwenye mlima mmoja. Kwa sheria za Ulaya mota ya kawaida ni ya wati 250 na huacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, na usipokanyaga pedeli haikusaidii. Mtu anatoka jasho, ila anafika juu pamoja na wenzake. Angalizo langu ni moja: nyingi zina kilo 20 na zaidi. Kwenye mteremko uzito huo unataka breki nzuri, na kwenye geti lililofungwa unataka watu wawili wa kuinua.

“Kushuka na kusukuma ni aibu.”

Hapana. Mwinuko wa asilimia 20 wenye vijiwe vinavyoteleza, mwenye kusukuma na mwenye kukanyaga mara nyingi wanafika juu pamoja, ila mmoja wao moyo unataka kutoka. Aibu ni kubadilisha gia ukiwa tayari umekwama katikati ya mlima, cheni ikalia kraa na kukatika. Gia nyepesi huwekwa kabla mlima haujaanza.

“Makalio yanauma, nipe kiti kikubwa chenye sifongo.”

Nusu saa ya kwanza utafurahi. Baadaye ile mifupa miwili unayokalia inazama kwenye sifongo, na sifongo inapanda kukugandamiza katikati, mahali pasipotakiwa kugandamizwa. Kiti kigumu kiasi, chenye upana unaolingana na mifupa yako, ndicho cha safari ndefu. Kabla ya kununua kingine angalia kimo: weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke, ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo. Wengi hukaa chini mno, wakaharibu magoti wakilaumu kiti. Halafu vaa kaptula yenye pedi, na ndani yake usivae chupi, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Najua mtaniangalia vibaya. Kila mgeni huniangalia hivyo hivyo, na mchana ananiuliza kama kuna mahali pa kubadilishia nguo.