Tarehe moja si siku moja

Kila ifikapo Aprili 23 utasoma mahali kwamba William Shakespeare na Miguel de Cervantes, yule fahari ya Kiingereza na huyu fahari ya Kihispania, walifariki siku moja mwaka 1616. Hufuata mshangao: bahati iliyoje, ya Mungu mengi. Lakini hawakufariki siku moja. Kinachofanana ni tarehe tu, na hata huko kufanana kuna walakini, kama tutakavyoona.

Maana ya kumbukizi kwanza, tumalizane nayo. Kumbukizi ni siku ambayo tarehe ya tukio fulani inarudi katika kalenda baada ya mwaka mmoja au zaidi kutimia. Basi. Magazeti na redio huiwekea kichwa cha "Siku kama ya leo", na kichwa hicho hakina kosa, kwa sababu neno "kama" limo ndani yake. Ninaogombana nao ni wale wanaoliruka hilo "kama".

Siku ni kitu kinachotokea: jua limechomoza, limetua, siku imekwisha na hairudi tena. Tarehe ni jina ambalo watu wameipa siku hiyo, na jina hutegemea nani anaita. Siku moja yaweza kuwa na tarehe mbili, na tarehe moja yaweza kuangukia siku mbili zilizoachana kwa wiki nzima na zaidi. Wawili kuitwa Juma hakuwafanyi kuwa mtu mmoja.

Chanzo cha vurugu yote ni dakika kama 11 hivi. Kalenda aliyoianzisha Julius Caesar, iliyoanza kutumika mwaka 45 KK, ilihesabu mwaka kuwa siku 365 na saa 6, ndiyo maana kila mwaka wa nne Februari huongezewa siku. Mwaka halisi wa jua ni mfupi kidogo kuliko hapo, na dakika hizo 11 zikijilimbikiza kwa miaka kama 128 zinazaa siku nzima. Kufikia karne ya 16, ile siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana, ambayo zama za Mtaguso wa Nisea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ilihesabiwa kuwa Machi 21, ilikuwa imerudi nyuma hadi Machi 11. Pasaka hupangwa kwa kuitazama siku hiyo, kwa hiyo Kanisa lisingeweza kufumba macho. Papa Gregori XIII akatoa hati Februari 24, 1582: baada ya Alhamisi, Oktoba 4, itafuata Ijumaa, Oktoba 15. Tarehe 10 zikafutwa. Aliagiza pia kwamba miaka ya kufunga karne iwe mirefu, yaani ya siku 366, pale tu inapogawanyika kwa 400. Ndiyo sababu 1600 na 2000 ilikuwa miaka mirefu, lakini 1700, 1800 na 1900 haikuwa.

Tazama vizuri kilichofutwa. Hakuna hata siku moja iliyopotea. Alhamisi ilifuatwa na Ijumaa kama kawaida, jua likachomoza, watu wakaenda kazini. Zilizoruka ni namba. Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki huko Alba de Tormes, Hispania, usiku ule ule wa kuamkia Ijumaa hiyo. Sikukuu yake ni Oktoba 15. Anayepiga hesabu bila kujua habari ya kalenda atadhani kati ya usiku wa Oktoba 4 na asubuhi ya Oktoba 15 kuna siku kumi na kitu za msiba. Kulikuwa na usiku mmoja tu.

Waliotii kwa wakati ni Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia. Ufaransa ilifuata Desemba mwaka huo huo. Uingereza ya Kiprotestanti haikutaka kupangiwa kalenda na Papa, ikabaki na ya Caesar kwa miaka 170 zaidi. Kwa hiyo mwaka 1616, wakati Waingereza wakiandika Aprili 23 huko Stratford, mjini kwa Shakespeare, wakazi wa Madrid siku hiyo hiyo waliandika Mei 3. Tena wataalamu wengi wanakubali kwamba Cervantes alifariki Aprili 22, na ile 23 ni ya maziko. Ukihesabu hivyo, Shakespeare aliishi siku 11 zaidi ya mwenzake. UNESCO, ilipoichagua Aprili 23 mwaka 1995 kuwa siku ya vitabu duniani, haikufanya kosa lolote: ilichagua tarehe, na tarehe inaweza kuwa ya wengi. Kosa ni la waandishi wa vichwa vya habari.

Simulizi la pili lililonichosha ni la Isaac Newton kuzaliwa mwaka aliofariki Galileo, kana kwamba mmoja alimkabidhi mwenzake kijiti. Galileo alifariki Januari 8, 1642, karibu na Florence, kwa kalenda ya Gregori. Newton alizaliwa Desemba 25, 1642, kijijini Woolsthorpe, Uingereza, kwa kalenda ya Juliasi, yaani ile ya Caesar. Sasa chagua kalenda moja, yoyote uipendayo. Ukimleta Newton kwenye ya Gregori, alizaliwa Januari 4, 1643. Ukimpeleka Galileo kwenye ya Juliasi, alifariki Desemba 29, 1641. Kwa kalenda yoyote ile, miaka yao haikutani. Inakutana tu ukichukua tarehe ya huyu kwa kalenda hii na ya yule kwa kalenda ile, na kwa mtindo huo unaweza kuthibitisha karibu lolote.

Uingereza na makoloni yake walipokubali hatimaye, mwaka 1752, pengo lilikuwa limefika siku 11, kwa sababu 1700 ulikuwa mwaka mrefu kwao na mfupi kwa wenzao. Jumatano, Septemba 2, ikafuatwa na Alhamisi, Septemba 14. Ila kulikuwa na jambo jingine ambalo huwapiga chenga hata wasomaji wazuri wa historia: kisheria, mwaka wa Uingereza ulikuwa ukianza Machi 25. Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilikuwa mkia wa mwaka uliotangulia. Mfalme Charles I alikatwa kichwa Januari 30, na hati za zama zile zinasema 1648; sisi tunaandika 1649, na wote tuko sahihi. Biblia ya ukoo wa George Washington inaonyesha kwamba alizaliwa Februari 11, 1731/2. Mkwaju ule kati ya 1 na 2 si wa kalamu iliyoteleza, ni adabu ya mwandishi aliyejua kwamba wasomaji wake wana namna mbili za kuhesabu. Leo Marekani inamkumbuka Februari 22, 1732. Hakuzaliwa mara mbili wala hakupunguziwa umri. Ni siku ile ile yenye majina mawili.

Urusi ilichelewa zaidi: Januari 31, 1918 ilifuatwa na Februari 14. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba yaliadhimishwa kila Novemba 7, kichekesho cha darasani ambacho hakika si kichekesho: Oktoba 25, 1917 ya Petrograd ilikuwa Novemba 7 ya Paris. Maandamano ya wanawake yaliyowasha moto wa mapinduzi ya kwanza mwaka huo yalianza Februari 23, na wewe unaifahamu siku hiyo kwa jina la Machi 8.

Hapa ndipo wajuaji wapya huteleza. Wakishajifunza kwamba Urusi ilikuwa nyuma kwa siku 13, wanaongeza 13 kwa kila tarehe ya Kirusi wanayokutana nayo. Pengo halikuwa 13 siku zote. Lilikuwa 10 hadi mwaka 1700, 11 katika karne ya 18, 12 katika karne ya 19, na 13 tangu mwaka 1900. Mshairi Alexander Pushkin alizaliwa Mei 26, 1799, ambayo ni Juni 6 kwetu, na ndivyo Warusi wanavyomwadhimisha. Ukiongeza 13 unapata Juni 8, siku ambayo mtoto alikuwa tayari ana siku mbili duniani.

Utaratibu wa wanahistoria si mgumu. Tarehe inaachwa kama ilivyoandikwa mahali pake, kalenda yake inatajwa, na mwaka unahesabiwa kuanzia Januari 1. Kugeuza kunafanyika pale tu matukio ya nchi mbili yanapolinganishwa, na hapo yote yanaletwa kwenye kalenda moja.

Usidhani ugonjwa huu uliisha kalenda zilipoungana. Neil Armstrong alikanyaga mwezi jioni ya Julai 20, 1969 kwa saa za Houston. Kwa saa za Greenwich ilikuwa saa 8 usiku na dakika 56, Julai 21, na sehemu kubwa ya Afrika, Asia na Ulaya ilikuwa Julai 21 tayari. Ujerumani ilitia saini hati ya kusalimu amri mjini Berlin usiku wa Mei 8, 1945, wakati Moscow saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita. Ndiyo sababu Ulaya ya Magharibi inaadhimisha Mei 8 na Urusi Mei 9. Shambulio la Pearl Harbor Wamarekani wanalikumbuka Desemba 7, 1941, ilhali saa za Japani zilikuwa zimeshaingia Desemba 8. Hakuna aliyedanganya. Pia si kila jamii inaanza siku saa sita ya usiku: katika kalenda ya Hijria siku inaingia magharibi, na Waswahili wa zamani wakisema "usiku wa Ijumaa" walimaanisha ule ambao wengine wanauita Alhamisi usiku. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni wa mwezi na ni mfupi kwa takriban siku 11, Maulidi ya Rabiul-Awwal 12 husogea kila mwaka katika kalenda ya ukutani, ingawa katika kalenda yake haijasogea hata kidogo.

Kuna na kosa la kuhesabu miaka yenyewe. Mwaka 2010 mbio za marathoni za Athens zilifanywa kuwa za kutimiza miaka 2,500 tangu vita vya Marathon vya mwaka 490 KK. Jumlisha 490 na 2,010 unapata 2,500, safi kabisa, isipokuwa kwamba hakuna mwaka sifuri: 1 KK ulifuatwa moja kwa moja na mwaka 1 BK. Miaka 2,500 ilitimia 2011. Wakimbiaji hawakulalamika.

Nimalizie na sentensi inayosemwa kwa nia njema kila Januari, kwamba Waorthodoksi wa Urusi "wanaadhimisha Krismasi Januari 7". Si wao tu, kwa kweli, wala si Waorthodoksi wote: Wagiriki na Waromania husherehekea pamoja na Wakatoliki, na Ukraine iliihamishia Krismasi yake ya kitaifa Desemba 25 mwaka 2023. Lakini muulize padri wa Moscow, atakwambia Krismasi yao ni Desemba 25, kama ilivyo kwa Wakristo wengi. Kanisa lake linatumia kalenda ya Juliasi hadi leo, na Desemba 25 ya Juliasi kwa sasa inaangukia Januari 7 ya kalenda ya kiraia. Mwaka 2100 hautakuwa mrefu kwa Gregori, utakuwa mrefu kwa Juliasi, pengo litafika siku 14, na wasipobadili kalenda, Krismasi yao inayofuata itaangukia Januari 8, 2101. Wao watakuwa bado wanaiita Desemba 25.