Gorogoro ni ileile? Kulinganisha alama fiche za maandishi ya AI

Wiki tatu zilizopita nilikuwa najiona bingwa. Nilikuwa nimeunda njia yangu ya kuweka alama fiche kwa maandishi ya AI ili baadaye yatambulike, sisi wa hii kazi tunaiita wotamaki, na kwa grafu ilikuwa inaacha zile njia za zamani mbali kabisa, mpaka nikampigia jamaa tunayefanya naye kazi hapa Kisumu nikamwambia akuje aone. Akakuja, akatazama kidogo tu, akauliza: "Delta ya wenzako uliiweka ngapi?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimeiacha vile niliipata kwa kodi ya programu yao, na yangu nimeirekebisha wiki mbili nzima.

Kama umewahi nunua mahindi soko la Kibuye unaujua huu mchezo. Huyu anauza gorogoro bei ya chini kuliko jirani, unakimbilia, kumbe mkebe wake umebonyezwa tako likaingia ndani.

Sasa delta ni nini. Njia ambayo karibu kila mtu hujilinganisha nayo ni ile ya watu wa Chuo Kikuu cha Maryland, ya 2023. Kabla modeli ichague tokeni inayofuata, yaani neno au kipande cha neno, tokeni iliyotangulia pamoja na ufunguo wa siri zinagawa msamiati wote mafungu mawili, kijani na nyekundu, halafu za kijani zinaongezewa pointi kidogo, hiyo nyongeza ndiyo delta. Anayekagua anahesabu kijani tu. Tuseme robo ya msamiati ni kijani na maandishi ni tokeni 200: mtu aliyejiandikia mwenyewe ataangukia kijani kama 50, na ukiweka kizingiti cha z, kile kipimo cha umbali kutoka kwa hesabu ya bahati tu, kuwa 4, ili usimsingizie mtu ovyo, unahitaji 75. Kata yabaki tokeni 50. Kwa bahati tu ungepata 12 au 13, lakini sasa unahitaji 25, yaani nusu nzima! Kwa hivo mtu akijigamba njia yake inashika karibu kila kitu na hasemi urefu wala kizingiti, hajakuambia kitu.

Na delta ukiipandisha utashika vizuri, shida maandishi yanaanza kuongea kama mlevi wa saa nane usiku. Ndio maana siku hizi naanza na uharibifu: napandisha delta mpaka maandishi yaharibike sawa na ya njia ile nyingine, hapo ndio naangalia nani anashika zaidi.

Temperecha, ile namba inayoamua modeli inabahatisha kiasi gani ikichagua tokeni, nayo ni mtego. Ile njia mwanasayansi wa kompyuta Scott Aaronson alieleza 2022 akiwa OpenAI haisukumi tokeni yoyote, inabadilisha tu bahati nasibu yenyewe iwe inafuata ufunguo. Kwa temperecha ya 1 inapendeza sana. Shusha mpaka 0 na bahati nasibu imeisha, alama imeisha nayo, na ile ya kijani bado inajikokota ju delta inaweza kugeuza chaguo la kwanza. Ukitaka mmoja wao ashinde, chagua tu temperecha. SynthID-Text, wotamaki ya Google DeepMind, iliyotoka kwa jarida la Nature Oktoba 2024, nayo inategemea hiyo bahati nasibu, kwa hivo usiionee pia.

Kiswahili kikaniongezea kazi. Maneno yetu yanakatwakatwa vipande vingi, na vipande vya mwisho mara nyingi havina uchaguzi: modeli ikishaandika "nimefika stendi ya Kisu", itaweka nini kama si "mu"? Tokeni zinaongezeka lakini mahali pa kuficha alama haziongezeki. Halafu kuna marudio. Nilijaribu kumbukumbu za mikutano ya chama, zimeandikwa na binadamu kabisa, na "mwenyekiti alifungua mkutano kwa maombi" iko kila ukurasa. Sentensi ileile inapata kijani ileile, ukiihesabu kila mara inapotokea unaweza kumwambia katibu wa chama kwamba yeye ni roboti. Mfuatano uliojirudia unahesabiwa mara moja tu, basi, na kwa njia zote, sio kwa yako peke yake.

Nimerudia kila kitu hivo. Njia yangu bado iko mbele kwa maandishi mafupi, kidogo tu, kwa marefu tunatoshana. Jamaa nimemtumia grafu mpya jana, akajibu na swali: "Na mtu akiyaandika upya kwa maneno yake?"

Hiyo ndio kazi ya hii wiki.