“Nitafsiri na hilo?” Siku 12 za umisheni katika jiji la mataifa mengi

Mkalimani alinigeukia akaninong'oneza: “Mchungaji, nitafsiri na hilo?”

Ilikuwa Jumapili jioni, siku ya nne ya safari yetu ya siku 12. Tulikuwa kwenye ukumbi ambao ushirika mmoja wa wahamiaji huukodi kwa saa tatu kila wiki. Kijana wa timu yetu alikuwa anatoa ushuhuda, anasimulia kwa furaha jinsi Mungu alivyomfungulia njia akapata viza kwa siku tatu tu. Ulikuwa ushuhuda wa kweli. Ila waliokaa mbele yake ni watu waliosubiri vibali vya ukaazi miaka mitano, sita, saba. Wengine hawaruhusiwi hata kufanya kazi mpaka maombi yao yaamuliwe. Mkalimani mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Nilimwambia atafsiri. Akatafsiri yote, kwa sauti ya chini, bila kupunguza kitu. Hakuna aliyesema amina. Kisha mzee wa ushirika akasimama, akafungua Zaburi ya 13, akasoma kwa lugha yake: “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Hapo amina ikatoka, na baadhi ya akina mama wakalia.

Kazi yangu ni kuandaa timu za umisheni wa muda mfupi. Nafundisha vijana kutoa ushuhuda kwa dakika tatu, kueleza Injili bila maneno ya kanisani, kupokea kukataliwa bila kukasirika. Yule kijana alifanya yote niliyomfundisha. Nisichomfundisha ni kujua kwanza anazungumza na nani, na katika jiji la mataifa mengi hilo ndilo somo la kwanza.

Jiji lenyewe sitalitaja, wala ushirika huo. Miongoni mwao wamo waliomwamini Kristo baada ya kuhama, na ndugu zao waliobaki nyumbani wanaweza kudhurika habari zikifika. Siku ya pili mmoja wetu alirusha mtandaoni picha ya maombi. Ilionyesha nyuso saba. Ilikaa hewani chini ya saa moja, lakini dada mmoja hakurudi tena ibadani muda wote tuliokuwa pale. Tangu hapo, simu za timu hukusanywa mlangoni kabla ya ibada, na sina mjadala na mtu juu ya hilo.

Tukienda kijijini kwa watu wa lugha moja, tunajua tunaingia kwa nani: tunamwona mwenyeji, tunapata mkalimani mmoja, tunaanza. Jijini, jengo moja lina lugha sita, na ndani ya nyumba moja kuna lugha mbili. Wazazi wanaongea lugha waliyokuja nayo; watoto wanaongea lugha ya shule. Timu yenye siku 12, isiyojua lugha ya wazazi, inafanya nini? Inakwenda kwa watoto. Inacheza nao mpira, inawafundisha nyimbo, inarudi na habari njema. Mama amesimama mlangoni anatazama, haelewi neno hata moja, na anachokiona ni wageni wengine wanaomvuta mwanawe mbali naye. Mama mmoja alinieleza hivyo kupitia mkalimani, kwa upole sana. Jioni ile tulibadilisha ratiba: hakuna kipindi cha watoto ambacho wazazi hawajaalikwa na kutafsiriwa.

Jambo hili kanisa la kwanza lililikuta mapema kabisa. Matendo ya Mitume sura ya 6: Yerusalemu, jiji lililojaa Wayahudi waliozaliwa ughaibuni, wajane wa wasemao Kiyunani, yaani Kigiriki, wanasahaulika katika huduma ya kila siku. Yasome polepole majina ya wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaelekea kwamba huduma ilikabidhiwa watu wa upande ule ule ulionung'unika. Na huko Antiokia, kanisa lililowatuma Barnaba na Sauli, ndiye Paulo (Matendo 13), viongozi waliotajwa ni pamoja na Simeoni aitwaye Nigeri, na Lukio wa Kirene, mtu wa Afrika Kaskazini. Umisheni wa Paulo ulianzia kwenye kanisa la jiji lenye watu wa kila namna. Kwa hiyo timu ikifika jiji kama hilo ikidhani inaileta Injili mahali isipokuwepo, imekosea tangu uwanja wa ndege. Mzee yule wa Zaburi ya 13 alikuwa akiwahubiri majirani zake kwa lugha nne tangu kabla sijafikiria safari hii.

Wapo wanaosema basi safari fupi ziachwe. Sikubaliani nao. Thesalonike, Matendo yanataja sabato tatu tu za Paulo katika sinagogi kabla ghasia hazijamtoa mjini. Korintho alikaa mwaka mmoja na miezi sita. Efeso, alifundisha katika darasa la Tirano miaka miwili. Lakini Wathesalonike hakuwaacha hivi hivi: alimtuma Timotheo awaimarishe, akawaandikia barua. Ufupi wa safari haunisumbui. Kinachonisumbua ni timu isiyojua nani atabaki na watu siku ya 13.

Ndiyo maana takwimu za waliokata shauri kumfuata Kristo nimeacha kuziamini zikija bila majina ya watakaowafuatilia. Safari hiyo tulihesabu mikono 31 katika mkutano mmoja. Mchungaji mwenyeji alipopitia orodha nasi, wengi walikuwa washirika wake wa siku nyingi. Walinyoosha mkono kwa kumheshimu mgeni aliyesafiri mbali kuja kuwaombea. Wapya walikuwa wanne. Wanne! Kwa hao wanne mbingu ilifurahi, nami nilifurahi, ila ripoti yetu ilibidi iandikwe upya, na wafadhili waambiwe ukweli. Waliambiwa, na hakuna aliyeondoka.

Siku tatu za mwisho tulifanya kile wenyeji walichokiomba. Hatukuhubiri. Tulipanga viti, tuliwasindikiza watu watatu kwenye ofisi za uhamiaji, tukakaa nao kwenye foleni tangu asubuhi hadi mchana. Yule kijana wa ushuhuda alikaa na mkalimani wetu siku nzima akisubiri namba yake iitwe. Haikuitwa. Waliporudi, kijana aliniomba nafasi ya kusema tena Jumapili, nami nikamwambia amwombe mzee, si mimi. Mzee alimpa dakika tano. Alizitumia kuwaombea waliokuwa kwenye foleni, kwa majina yao, na mkalimani hakuuliza kitu.

Mwaka huu ushirika umeomba watu wanne, si 18 kama tulivyokuwa. Wanataka mmoja awezaye kufundisha lugha ya jiji kwa akina mama, na mmoja wa kukaa na watoto wadogo wakati mama zao wako darasani. Wamesema pia wakae miezi mitatu. Wawili tumeshawapata. Wengine wawili bado tunawaombea.