Antena ya satelaiti ya redio: acheni kuniletea, hapa Uganda haishiki kitu

Jumanne asubuhi sijamaliza hata chai, Hajji mmoja mteja wangu wa siku nyingi akasimamisha Prado mbele ya banda langu la kufunga redio za magari, akashuka amelikumbatia boksi kama mtoto mchanga. Ndani kuna redio ndogo ya satelaiti, stendi ya dashibodi, chaja ya kuchomeka kwenye laita, na antena nyeusi ya sumaku ndogo kiasi cha kufichwa kiganjani. Shemeji yake wa Boston kamtumia. "Mwanangu nifungie hii vizuri, Ijumaa naenda Gulu sitaki stesheni inikatikie njiani." Na shemeji ameshalipia kifurushi cha mwaka mzima, hukohuko.

Nikashusha pumzi. Huyo ni wa nne tangu mwaka uanze, na wote wananiambia maneno yaleyale: satelaiti iko juu, juu ni kwa wote, kwa hiyo ukiwa na antena yake utashika tu.

Hapana jamani. Antena haitengenezi stesheni. Nunua nyavu mpya ya bei yoyote, ukiitupa mahali sangara hawapo utavuta maji. Redio za satelaiti za magari anazonunua shemeji yako ni za SiriusXM, na hiyo ni huduma ya Marekani na Canada. Satelaiti zake zimesimama juu ya upande ule wa dunia, karibu nyuzi 85 na 115 za longitudo magharibi, kimo cha kilomita 36,000 hivi. Kampala iko nyuzi 32 na kitu mashariki. Jumlisha mwenyewe, hata kwa ile ya karibu tofauti inapita nyuzi 117, na satelaiti ya namna hiyo ukishaachana nayo kama nyuzi 81 inazama chini ya upeo wa macho, yani ardhi yenyewe imekukinga. Uende kilima cha Kololo, upande Rwenzori mpaka Margherita mita 5,109 na theluji yake, bado dunia iko katikati yenu. Na hata kama ingeonekana, miale yake imeelekezwa Amerika Kaskazini, haina habari na wewe.

Hapo ndo mtu anatoa simu mfukoni, "mbona ramani inafanya kazi, si satelaiti hiyohiyo?" Siyo hiyohiyo. Satelaiti za GPS ni zaidi ya 24, ziko kama kilomita 20,000 juu na hazisimami, zinaizunguka dunia mara mbili kwa siku, kwa hiyo saa yoyote ukiangalia mbingu ya Kampala kuna kadhaa zinapita. Zimewekwa zihudumie dunia nzima bure. Za redio zimewekwa zihudumie wanaolipa kule. Mbingu ni moja, biashara ni mbili.

Sasa wazee wana hoja yao nyingine na hii naiheshimu kidogo kwa sababu ina ukweli ndani yake: "lakini mimi nilikuwa nayo zamani!" Kweli mzee ulikuwa nayo. Ilikuwa WorldSpace, kampuni ya Noah Samara mzaliwa wa Ethiopia, walirusha AfriStar Oktoba 1998 ikakaa nyuzi 21 mashariki, hiyo sisi tulikuwa tunaiona vizuri sana, karibu utosini. Ile redio ilikuwa na kiantena chake bapa cha mraba unakifungua unakielekeza juu, sauti safi hadi unasikia mtangazaji anavuta pumzi. Ila hata enzi zile ilikuwa mambo ya sebuleni na ofisini, kile kiantena kilitaka kutulia kimeelekea satelaiti, gari likikata kona tu kimya. Kampuni ikafilisika Oktoba 2008 na baadaye matangazo yakazimwa. Ukiwa na ile redio weka kabatini ni historia, usiniletee niifunge kwenye gari.

Hizo stori mbili, ya Boston na ya WorldSpace, ndo zinazowalisha wauzaji wa shakifini, hiyo antena ya pezi la papa juu ya paa. Dereva mmoja wa lori la Malaba–Juba aliuziwa na duka fulani akaambiwa ni "ya satelaiti", atasikiliza mpira toka mpaka wa Kenya pale Malaba hadi Elegu, mpaka wa Sudan Kusini, bila kukatika. Akaja analalamika kwamba tangu aifunge hata stesheni za Kampala zinakwaruza. Nikaibandua na kisu (ilishikwa na gundi ya pande mbili tu), nikaigeuza. Waya mmoja mwembamba umefungwa kwa skrubu kwenye kijiti cha antena yake ya zamani iliyokatwa. Ndani plastiki tupu na kakipande ka bati. Walimkatia antena nzima wakampa pambo!

Mjue hesabu yake. FM ni mawimbi marefu, kwenye 100 MHz wimbi moja ni mita 3 na antena inayoshika vizuri ni robo yake, sentimita 75, ndo maana gari za zamani zilikuwa na ile fimbo ya kuvuta. Redio ya satelaiti masafa yake ni ya juu sana, 2.3 GHz, wimbi lake ni sentimita 13 na robo yake ni sentimita 3 tu, kwa hiyo inaingia kwenye pezi bila shida. Shakifini ya kiwandani inashika FM kwa sababu ndani kuna busta (kifaa cha kukuza signali) yenye umeme wa volti 12 inayosaidia kile kijifupi. Ukinunua ya kubandika isiyo na waya wa umeme umenunua kofia ya gari.

Na dereva, hakuna antena ya FM itakayotoka na stesheni ya Kampala ikafika nayo Elegu. FM inaenda mstari ulionyooka, milima na mpindo wa dunia vinaikata. Njia ile utabadilisha stesheni mara kadhaa, kubali. Weka flashi ya nyimbo na mpira sikiliza kwa simu kupitia blutuuthi, stesheni inayorusha kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa, mechi nzima haimalizi hata MB 60. Bando dogo tu.

Mengine harakaharaka maana siku haitoshi.

"Gari yangu mpya kutoka Japani antena mbovu, inashika stesheni chache." Antena nzima. Redio za Japani zinaanzia MHz 76 zinaishia 90, za karibuni zinafika 95, zetu zinafika 108. CBS ya 88.8 utaipata, Simba ya 97.3 huipati hata ukifunga mnara. Ekspanda, kile kifaa cha kushusha masafa ya FM yaingie kwenye redio ya Japani, inasaidia lakini nunua kwa akili, ya kushusha 20 itakuletea BBC ya 101.3 kwenye 81.3, ila Capital ya 91.3 itaangukia 71.3 ambako redio yako haifiki. Mimi nasema badilisha redio.

"Ongeza busta." Busta inaongeza na kelele pia. Kwanza chomoa ile chaja ya elfu tano na kamera ya dashibodi halafu usikilize. Mara nyingi kelele inaondoka nayo.

"Dishi la DStv dogo juu ya gari." Dishi linataka kulenga sehemu moja ya mbingu bila kusogea. Gari linasogea. Tumalizane.

"Waya wa antena ni mrefu, kata." Huyu fundi mkimbieni. Kwa ndugu zetu walioko Marekani ambao kweli huduma wanayo: waya ule wa satelaiti haukatwi wala haungwi, unaozidi unauviringisha duara pana unauficha nyuma ya dashibodi. Antena iwe juu ya paa yenye bati la kutosha pande zote, maana lile bati ni sehemu ya kazi, na ione mbingu, siyo chini ya keria, siyo ndani ya buti. Waya upite chini ya raba ya kioo au ya buti, usipite pale mlango unapobana kwa sababu ukibanwa miezi miwili umekufa ndani kwa ndani na nje unaonekana mzima.

Halafu kuna hili ambalo hakuna mtu anayeniuliza na ndo tatizo la nusu ya gari ninazofungua. Gari nyingi za Japani antena yake ni nyuzi zilizo kwenye kioo cha nyuma, na pale pembeni kuna busta ndogo. Mtu anabadilisha redio anaweka ya Android, fundi anaunganisha spika, umeme, kamera, anaacha waya wa bluu unaning'inia kwa sababu hajui ni wa nini. Ule waya wa bluu ndo unaopeleka volti 12 kwenye busta ya antena! Bila huo FM inakufa, mteja anaambiwa antena imeharibika, ananunua shakifini. Na wengine wanabandika tinti yenye madini kwenye kioo hichohicho halafu wanashangaa. Kabla hujalipa chochote mwambie fundi avute redio nje akuonyeshe waya wa bluu umeenda wapi, ni kazi ya dakika kumi.

Hajji hakukubali kirahisi, alisema "funga kwanza tuone". Nikamfungia kama inavyotakiwa, antena katikati ya paa, waya chini ya raba, tukatoka hadi mahali pa wazi hakuna jengo. Kaskrini kakaandika kanatafuta signali. Dakika ishirini. Hajji akazunguka gari mara mbili anaangalia juu, akapiga simu Boston akaongea Kiganda kwa sauti kubwa kuliko redio yoyote.

Waya wake wa bluu ulikuwa unaning'inia. Nimemuunganishia, FM yake sasa iko sawa. Kile kiboksi ameniachia hakutaka hata kukiona, antena yake iko hapa mezani ninapoandika, sumaku yake ina nguvu sana, nashikia skrubu.