Usilipie Makala Kabla Hujamuuliza Mkutubi

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alifika kwenye dawati langu la maktaba, hapa Dodoma, akitaka nimsaidie kufungua faili. Alikuwa amelipa dola 40 kwa makala moja kuhusu ardhi na wafugaji. Kwa familia nyingi za huku, hiyo ni hela ya mbuzi mnadani. Nilipoandika kichwa cha makala ile kwenye Google Scholar, mtambo wa kutafutia maandishi ya kitaaluma, nakala yake ilijitokeza palepale, bure, katika hifadhi ya machapisho ya chuo anachofundisha mwandishi mwenyewe. Niliumia sana.

Majarida mengi yanayouza makala humruhusu mwandishi kuweka rasimu yake ya mwisho kwenye hifadhi ya chuo chake, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Hoja ni zilezile na data ni ileile. Kinachotofautiana zaidi ni mpangilio wa uchapaji na namba za kurasa. Kwa hiyo ukikutana na ukurasa unaodai malipo, usitoe pesa kwanza. Kwenye Google Scholar, bonyeza sehemu ya matoleo yote iliyo chini ya tokeo lako. Unaweza pia kuweka Unpaywall kwenye kivinjari cha kompyuta: ni programu ndogo ya bure inayokuonyesha alama ya kufuli lililofunguka pale ilipo nakala halali. CORE, inayoendeshwa na Open University ya Uingereza, nayo hukusanya nakala za hifadhi za vyuo vya nchi nyingi.

Hata hivyo, kinachowakwamisha wengi wanaokuja kwangu ni maneno ya kutafutia kuliko malipo. Mtu anaandika "historia ya Kongwa", anapata kurasa mbili tatu, anakata tamaa na kuandika kwenye pendekezo lake kwamba hakuna maandishi. Maandishi yapo. Yaliwekwa kwa majina waliyotumia waandishi wa wakati ule, na wengi wao hawakuandika Kiswahili wala hawakuijua Tanzania.

Chukua mradi wa karanga ambao Waingereza waliuendesha Kongwa. Andika "groundnut scheme" pamoja na "Tanganyika" na mlango utafunguka. Utafika kwenye kumbukumbu za Bunge la Uingereza, ambazo zimewekwa mtandaoni bure tangu mijadala ya 1803. Humo utawasoma wabunge wakimbana John Strachey, waziri wa chakula, kuhusu mradi ulioanza 1947, hadi ulipoachwa 1951 na serikali yao ikafuta hasara ya takribani pauni milioni 36. Hicho ni chanzo cha msingi kabisa. Zamani mtafiti alihitaji nauli ya ndege kukifikia. Leo unakisoma kwa simu ukiwa Kibaigwa.

Ukirudi nyuma zaidi, kabla ya 1919, tafuta kwa "Deutsch-Ostafrika", jina la koloni la Wajerumani lililojumuisha nchi yetu, na ujaribu tahajia za Wajerumani: Mpwapwa utaikuta imeandikwa Mpapua. Internet Archive, iliyoanzishwa 1996, ina vitabu vingi vya wasafiri na wamisionari waliopita Ugogo, vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka wazi picha za zama za ukoloni, na ninawahimiza sana wanafunzi wa historia kuzitazama. Soma hayo yote ukijua aliyeandika alikuwa nani na alimwandikia nani. Babu zetu wametajwa humo na watu ambao mara nyingi hawakuwaelewa, na kuwajibu ni kazi ya kitaaluma inayotusubiri.

Kwa sayansi za jamii za leo, anza nyumbani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake yako hapahapa Dodoma, imeweka ripoti za sensa ya 2022. Humo utakuta kwamba mkoa wetu ulihesabiwa watu 3,085,625. Bunge letu lina taarifa rasmi za vikao kwenye tovuti yake, kwa Kiswahili, na nashangaa ni tasnifu chache mno zinazozitumia. Mwenye mada ya migogoro ya ardhi au mirathi aende TanzLII, tovuti ya bure ya sheria na hukumu za mahakama zetu, akasome hukumu zenyewe. Afrobarometer hutoa data za kura za maoni, Tanzania ikiwemo.

Kwa majarida, AJOL (African Journals Online) hukusanya yale ya Afrika tangu 1998, ila si kila makala humo ni ya bure. Tazama alama ya "Open Access", yaani makala huria inayosomwa bure. JSTOR, hifadhi kubwa ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, humpa mwenye akaunti binafsi ya bure kusoma mtandaoni hadi makala 100 kila siku 30. Wa Kiswahili wasikose Swahili Forum, linalotoka tangu 1994, wala majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuna pia GOALI, mpango wa kuvipa vyuo machapisho mtandaoni, uliozinduliwa 2018 kwa ajili ya sheria na sayansi za jamii. Vyuo vya nchi kama Tanzania huingia bila kulipa, lakini hupitia usajili wa taasisi, na mara nyingi nywila iko kwa mkutubi. Muulize.

Jihadhari na majarida ya kitapeli, yanayochapisha chochote mradi mwandishi alipe. Kabla ya kunukuu jarida huria usilolijua, litafute kwenye DOAJ, orodha yenye majarida zaidi ya 20,000 yaliyokaguliwa. Usipolikuta, mwoneshe msimamizi wako kwanza.

Kama umezunguka kote bila kupata nakala, mwandikie mwandishi. Barua pepe yake huwa kwenye ukurasa wa ikisiri, yaani muhtasari wa makala. Jitambulishe kwa sentensi moja, taja kichwa cha makala, eleza unachotafiti na uombe nakala. Wengi hufurahi kusomwa na huituma. Ikifika, ihifadhi kwa jina la mwandishi na mwaka, na uiweke pia kwenye flashi, kwani bando likiisha usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, faili iliyo mtandaoni haitakufaa.